Kipaimara ukiwa shule ya bweni: mwongozo kamili kwa mwanafunzi wa sekondari

Wanafunzi wanaorudishwa kwenye mahojiano ya Kipaimara, sakramenti ya kumwimarisha mbatizwa kwa Roho Mtakatifu, hawarudishwi kwa kutojua Baba Yetu. Wanaijua. Wanarudishwa kwa sababu cheti cha ubatizo hakipo, au kwa sababu majibu wameyakariri kama shairi na paroko akiuliza tu "kwa nini?" wanabaki wanatazama sakafu. Wapo pia ambao hawajaungama tangu Komunyo ya Kwanza na wanaona aibu kusema.

Mwongozo huu ni wa hao, hasa walio bwenini kuanzia Iringa, Mafinga, Makambako na Njombe hadi Mbeya, Tukuyu na Mbozi, ambako parokia ya nyumbani ni safari ya basi na ruhusa ya kutoka getini huombwa kwa barua. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ya kwanza haina cha kukariri, lakini ndiyo inayokula muda kuliko zote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti au kadi ya ubatizo, na nakala yake moja ya kumwachia katekista.
- Biblia ya Kikatoliki, yenye vitabu 73. Ukiwa na ile ya vitabu 66 itakufaa kwa mistari yote iliyotajwa hapa, ila kitabu cha Hekima au Yoshua bin Sira hutakikuta.
- Kitabu cha sala na katekisimu vinavyotumika katika parokia inayohudumia shule yako. Muulize katekista ni vipi, usichukue maandishi yoyote yanayozunguka kwenye simu.
- Daftari moja la mafundisho peke yake. Usiliunganishe na la Historia.
- Jina la mtu mzima atakayekuwa msimamizi wako.
- Kalenda ya shule, ili ujue mitihani na likizo vinaangukia wapi.
- Nauli ya safari moja ya kwenda parokia ulikobatizwa, ikilazimika.

## Hatua ya 1: Pata ushahidi wa ubatizo

Ubatizo ndio mlango wa sakramenti zote. Asiyebatizwa hawezi kupokea nyingine yoyote, kwa hiyo paroko anapodai cheti hakusumbui. Anataka uhakika kwamba kitakachofanywa na askofu kitakuwa sakramenti kweli.

Kama kadi unayo, soma majina yaliyoandikwa. Hapa ndipo wengi wanakwama: shuleni unaitwa kwa jina moja, kwenye kadi limo jingine, na la ukoo limeandikwa la babu. Usifute wala kuongeza herufi. Mwambie katekista mapema, naye atakuambia kama barua ya mzazi inatosha au unahitaji uthibitisho kutoka parokia ya nyumbani.

Kama kadi imepotea, ubatizo wako haujapotea. Umeandikwa katika kitabu cha parokia. Mwombe mzazi aende, au nenda mwenyewe likizo, ukiwa na mambo haya kwenye karatasi: majina uliyobatizwa nayo, mwaka (na mwezi ukijulikana), majina ya baba na mama, jina la msimamizi wako wa ubatizo, na kigango (kanisa dogo chini ya parokia). Bila mwaka, katibu wa parokia atafunua kurasa mpaka akate tamaa. Kama hata kitabu hakionekani, sheria ya Kanisa inaruhusu ushuhuda wa mtu mmoja wa kuaminika aliyekuwapo, lakini huo anaupokea paroko, haupangi wewe.

Usishtuke mipaka ya majimbo ikiwa imebadilika. Mbeya ilipandishwa kuwa Jimbo Kuu mwishoni mwa mwaka 2018, na Jimbo la Mafinga liliundwa mwishoni mwa mwaka 2023 kwa kumegwa kutoka Iringa. Cheti cha zamani kinachosema "Jimbo la Mbeya", au "Jimbo la Iringa" kwa parokia iliyo Mafinga leo, ni halali vilevile. Unayemtafuta ni paroko wa mahali ulipobatizwa.

Kama ulibatizwa katika Kanisa jingine. Kwetu huku jambo hili ni la kila mwaka: Rungwe na Mbeya kuna Wamoraviani wengi, Njombe na Iringa kuna Walutheri wengi, na familia moja inaweza kuwa na madhehebu matatu mezani. Kanisa Katoliki linatambua ubatizo uliofanywa kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ubatizo huo haurudiwi. Utafundishwa, kisha utapokelewa katika ushirika kamili wa Kanisa. Kwa hiyo cheti cha KKKT (Walutheri) au cha Moravian usikifiche kwa hofu ya kukataliwa. Kilete, ndicho kinachohitajika. Aliyebatizwa "kwa jina la Yesu" peke yake amweleze paroko wazi, maana maneno ya Utatu ni sehemu ya sakramenti yenyewe na huenda akahitaji kubatizwa.

Tahadhari: ukiwa unatoka dhehebu jingine, mzazi au mlezi ajue tangu mwanzo. Mambo haya yakifanywa kimyakimya hulipuka siku ya sherehe.

Hatua hii imekamilika pale nakala ya cheti inapokuwa mkononi mwa katekista na jina lako limeandikwa kwenye orodha yake kama lilivyo kwenye cheti. Kabla ya hapo hujaanza.

## Hatua ya 2: Jiandikishe na uulize tarehe

Mtoaji wa kawaida wa Kipaimara ni askofu, naye huja parokiani kwa ratiba. Parokia nyingine humwona kwa Kipaimara baada ya muda mrefu. Ukikosa ziara hiyo, unaweza kumaliza kidato cha nne bado unasubiri.

Muulize mlezi wa dini wa shule au viongozi wa TYCS (chama cha wanafunzi Wakatoliki) mambo haya: askofu anakuja lini, mahojiano ni lini, na mahudhurio yanahesabiwaje. Kisha linganisha na kalenda ya shule. Mafundisho yakigongana na majaribio, mwone mwalimu wa zamu kabla, siyo baada ya kukosa vipindi viwili. Kama parokia yako ya nyumbani ni nyingine, kwa kawaida utaombwa barua ya paroko wa huko. Iombe safari ileile uliyofuatia cheti.

## Hatua ya 3: Sala, na Kanuni ya Imani kwa vipande

Ishara ya msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, Atukuzwe Baba, Sala ya Kutubu, Amri Kumi na Amri za Kanisa: hizi zikariri tu. Dakika kumi kila jioni kabla ya kulala zinatosha, na zikishaingia hazitoki.

Kanuni ya Imani inataka kazi zaidi. Usiimeze nzima. Igawe vipande vinne na chini ya kila kimoja andika sentensi yako mwenyewe.

*Mungu Baba.* Mungu ni mmoja, ndiye aliyeumba vyote, vinavyoonekana na visivyoonekana. Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni nafsi tatu katika Mungu mmoja. Ukisema "miungu mitatu" umekosea, na ukisema "Mungu mmoja mwenye majina matatu" umekosea vilevile. Hili la pili ndilo kosa la wengi.

*Yesu Kristo.* Ni Mungu kweli na mtu kweli. Alichukua mwili kwa Bikira Maria, aliteswa zamani za Ponsio Pilato, akafa, akafufuka siku ya tatu. Ukiulizwa kwa nini Pilato ametajwa katika sala, jibu ni kwamba imani yetu inasimama juu ya jambo lililotokea mahali fulani, wakati fulani, chini ya liwali anayejulikana.

*Roho Mtakatifu.* Ni Mungu, siyo nguvu isiyo na nafsi wala upepo.

*Kanisa na uzima wa milele.* Kanisa ni moja, takatifu, katoliki na la mitume. Katoliki maana yake ni la watu wote na mahali pote. La mitume maana yake ni kwamba maaskofu ni waandamizi wa mitume, wakiwa pamoja na mwandamizi wa Petro. Huyo kwa sasa ni Papa Leo XIV, aliyechaguliwa tarehe 8 Mei 2025. Madaftari ya kurithi kutoka kwa kaka na dada bado yanasema Fransisko. Rekebisha, na ujifunze jina la askofu wako papo hapo, kwa sababu yote mawili hutajwa katika kila Misa na mhojaji anajua unayasikia.

Kipimo: mwambie mwenzako akukatize katikati ya Nasadiki (ndiyo Kanuni ya Imani) na kuuliza "maana yake nini?" Ukijibu kwa maneno yasiyo ya kitabu, songa mbele.

## Hatua ya 4: Sakramenti saba, na mitego yake

Anza na maana: sakramenti ni alama inayoonekana, iliyowekwa na Yesu Kristo, inayotuletea neema isiyoonekana. Katika kila sakramenti jiulize mambo matatu: naona nini, nani anaitoa, na inaleta nini. Mwenye kujua hayo hahangaishwi na swali.

Za kumwingiza mtu katika Ukristo ni tatu:

- Ubatizo. Maji na maneno ya Utatu (Mathayo 28:19). Huondoa dhambi ya asili na dhambi zote, hutufanya wana wa Mungu.
- Kipaimara. Kuwekewa mikono na kupakwa mafuta matakatifu yaitwayo Krisma (Matendo 8:14-17). Hutuimarisha kwa Roho Mtakatifu.
- Ekaristi. Mkate wa ngano na divai ya zabibu (Luka 22:19-20). Ni Mwili na Damu ya Kristo.

Za uponyaji ni mbili:

- Kitubio. Majuto na maungamo ya mwenye dhambi, na maondoleo ya padri (Yohane 20:22-23).
- Mpako wa Wagonjwa. Mafuta ya wagonjwa katika paji la uso na mikono, pamoja na sala (Yakobo 5:14-15).

Za kuwahudumia wengine ni mbili:

- Daraja Takatifu. Askofu anaweka mikono na kusali. Ina ngazi tatu: askofu, padri, shemasi.
- Ndoa. Ridhaa ya mume na mke (Mathayo 19:5-6).

Orodha hiyo kila mtu anakuja nayo. Wanaoanguka huanguka kwenye haya yafuatayo, kwa hiyo kaa nayo.

Zipi hazirudiwi? Ubatizo, Kipaimara na Daraja Takatifu, kwa sababu hutia rohoni alama isiyofutika. Ndoa pia watu huitaja hapa, lakini mjane anaweza kufunga ndoa tena.

Nani anatoa sakramenti ya Ndoa? Karibu kila mtu hujibu "padri". Kwetu katika Kanisa la Kilatini (Wakatoliki wa mapokeo ya Roma) ni bwana na bibi harusi wenyewe. Padri anapokea ridhaa yao kwa niaba ya Kanisa.

Nani anaweza kubatiza? Kwa kawaida askofu, padri au shemasi. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza, hata ambaye hajabatizwa, mradi ana nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa, anamimina maji na kutamka maneno. Jifunze namna ya kufanya. Siku moja unaweza kuwa wewe pekee uliye karibu na kitanda.

Mpako wa Wagonjwa ni wa wanaokata roho tu? Hapana. Ni wa mgonjwa mwenye hali ya hatari, mzee aliyedhoofika, mtu anayekwenda kwenye upasuaji mkubwa. Akipona akaugua tena, hupokea tena. Huku kwetu bado kuna wanaoogopa kumwita padri wakidhani akija ndiyo kifo kimekuja, na mgonjwa ananyimwa faraja mpaka hajitambui.

Ekaristi ni alama ya Mwili wa Kristo? Ukijibu "ni alama tu" utarudishwa, na ni haki. Mkate na divai hugeuka kweli kuwa Mwili na Damu ya Kristo, ingawa sura, ladha na harufu vinabaki vilevile. Ndiyo maana tunapiga goti mbele ya tabernakulo, kisanduku inamohifadhiwa Ekaristi.

Rozari, maji ya baraka na majivu ni sakramenti? Hapana, hivyo huitwa visakramenti. Vimewekwa na Kanisa na hututayarisha kupokea neema.

Wakatoliki wanamwabudu Maria? Hili mhojaji anaweza asiliulize, lakini bwenini utaulizwa usiku taa zikizimwa. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Maria tunampa heshima ya pekee kama Mama wa Mungu na tunamwomba atuombee. Jibu hivyo, kwa upole, ulale. Ubishi wa dini saa nne usiku haujawahi kumwongoa mtu.

## Hatua ya 5: Fuata Misa ukijua uko wapi

Mtu anaweza kwenda Misa tangu akiwa mgongoni mwa mama yake na bado asijue imegawanyikaje. Ina sehemu mbili kubwa: Liturujia ya Neno na Liturujia ya Ekaristi. Mbele yake kuna ibada za mwanzo na mwishoni ibada za kumalizia.

Zoezi: Jumapili moja, baada ya Misa, andika kwenye daftari somo la kwanza lilihusu nini, Injili ilihusu nini, na rangi ya mavazi ya padri. Kijani ni kipindi cha kawaida. Zambarau ni Majilio na Kwaresima. Nyeupe ni Noeli, Pasaka na sikukuu nyingi za watakatifu. Nyekundu ni Pentekoste, Ijumaa Kuu na mashahidi. Kama hukumbuki lolote, ulikuwa umelala au ulikuwa kwenye kwaya unatafuta noti ya kuanzia.

Komunyo ina masharti yake: uwe katika hali ya neema (bila dhambi ya mauti ambayo hujaiungama), na usile wala usinywe kitu kwa muda wa saa moja kabla ya kupokea, isipokuwa maji na dawa.

Kuhusu kufunga, wanafunzi huchanganya. Kujinyima nyama kunawahusu wote kuanzia miaka 14. Kufunga chakula kunawabana wenye miaka 18 mpaka wanapoanza 60. Kwa hiyo kidato cha pili mwenye miaka 15 Jumatano ya Majivu anaacha nyama lakini sheria haimlazimishi kuacha mlo. (Kwa chakula cha bwenini, kuacha nyama siyo mtihani mkubwa.)

## Hatua ya 6: Kipaimara chenyewe

Soma Matendo ya Mitume sura ya 2, kisha ya 8. Mitume waliojifungia kwa hofu walitoka nje na kusema hadharani, na hilo ndilo jibu la swali la "Kipaimara kinafanya nini?" Kinakamilisha neema ya Ubatizo na kumpa Mkristo nguvu ya kumshuhudia Kristo kwa neno na kwa tendo.

Krisma ni mafuta yaliyochanganywa na manukato. Huwekwa wakfu na askofu katika Misa ya Krisma, karibu na Alhamisi Kuu. Kwa hiyo hata padri akipewa ruhusa ya kutoa Kipaimara, anatumia mafuta ya askofu.

Vipaji saba vinatoka Isaya 11:2-3: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada, na uchaji wa Mungu. Usiishie kuvitaja. Andika kwa kila kimoja mahali utakapokihitaji shuleni. Shauri: rafiki anakuvuta kuruka ukuta usiku. Nguvu: kila mtu anapokea majibu ya mtihani yaliyovuja na wewe unakataa. Mhojaji akisikia mifano ya namna hiyo, mara nyingi haendelei kuuliza.

## Hatua ya 7: Msimamizi na jina

Msimamizi awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, aliyepokea Ekaristi na Kipaimara, anayeishi imani yake. Baba au mama yako mzazi hawezi. Kanisa linapendelea awe yuleyule wa ubatizo, kama bado yupo na hali yake inaruhusu.

Kosa la bwenini ni kuchukua mwanafunzi wa kidato cha sita kwa sababu yuko karibu. Sheria inaweza kumruhusu, lakini baada ya mwezi Mei humwoni tena. Bora shangazi, mjomba, mwalimu, au mama wa jumuiya unayesali naye likizo. Mwombe kwa heshima, uso kwa uso au kwa simu, mapema. Usimwambie Ijumaa kwamba Jumapili anasimama.

Jina la Kipaimara si lazima liwe jipya, unaweza kubaki na la ubatizo. Ukichagua jingine, jua maisha ya huyo mtakatifu kwa sentensi tatu. "Nimelipenda tu" siyo jibu.

## Hatua ya 8: Mahojiano

Ingia, salimia "Tumsifu Yesu Kristo", subiri uambiwe kukaa. Usipojua jibu, sema "Baba Paroko, hilo silijui vizuri". Hiyo haijamrudisha mtu. Kinachorudisha ni kubuni.

Swali ambalo lazima litoke ni: "Kwa nini unataka Kipaimara?" Haya ni majibu mabovu, na yanasikika kila mwaka:

- "Wenzangu wote wanapata."
- "Mama amesema."
- "Ili nije nifunge ndoa kanisani." Hili lina chembe ya ukweli, kwa kuwa Kanisa linataka Mkatoliki awe na Kipaimara kabla ya ndoa ikiwezekana, lakini siyo sababu ya kupokea.

Jibu zuri lina mambo mawili: Roho Mtakatifu anakupa nini, na wewe unakwenda kufanya nini. Liandae kwa maneno yako. Likifanana na la mwenzako neno kwa neno, nyote wawili mtaulizwa zaidi.

## Hatua ya 9: Kitubio

Kipaimara hupokelewa katika hali ya neema, kwa hiyo kuungama siku chache kabla si pambo. Hapa ndipo hofu ilipo, basi twende taratibu.

Jichunguze dhamiri ukitumia Amri Kumi, lakini kwa maisha yako ya sasa. Sabuni na sukari za wenzako bwenini. Kuibia mtihani. Kumwomba baba pesa ya mchango ambao shule haijaitisha. Kumvumishia mwenzako kwamba ni mchawi mpaka akatengwa. Hirizi au dawa ya mganga ya kufaulu mtihani: hiyo inavunja amri ya kwanza, na wengi hawaitaji kwa sababu wanaiona ni mambo ya nyumbani. Matusi, picha chafu, kutokwenda Misa kwa uvivu.

Tofautisha uzito. Dhambi ya mauti inahitaji mambo matatu kwa pamoja: jambo zito, kujua kwamba ni zito, na kulitenda kwa hiari kamili. Kikipungukiwa kimoja, ni dhambi nyepesi. Za mauti lazima ziungamwe, kila aina na idadi kwa kadiri unavyokumbuka.

Juta, na ukusudie kuacha. Kama uliiba, anza kufikiria utarudishaje.

Ungama. Piga magoti au kaa, fanya ishara ya msalaba, sema: "Padri, unibariki kwa kuwa nimekosa. Niliungama mara ya mwisho…" kisha taja muda, hata kama ni miaka. Taja dhambi zako wazi, bila hadithi ndefu na bila majina ya watu. Ukikwama, sema "Padri, nisaidie". Sikiliza ushauri na malipizi (sala au tendo unalopewa kufanya), sali Sala ya Kutubu, pokea maondoleo.

Timiza malipizi mapema, kabla hujasahau ulipewa nini.

Tahadhari chache, kwa kuwa hapa ndipo panapoharibika:

- "Nimefanya dhambi zote" siyo maungamo. Wala "nimemkosea Mungu na jirani".
- Usiungame dhambi za mwenzako wa kitanda cha juu.
- Ukisahau dhambi kwa kweli, imesamehewa pamoja na nyingine. Itaje utakapoungama tena. Ukificha dhambi ya mauti kwa makusudi, maungamo yote hayafai.
- Karatasi ya kukumbushia ichane vipande vidogo ukimaliza. Karatasi hizi hupatikana chini ya magodoro.
- Padri haruhusiwi kusema ulichoungama kwa mkuu wa shule, mzazi, wala polisi. Akivunja siri hiyo moja kwa moja, anajitenga na Kanisa papo hapo.
- Ikiwa kuna mtu mzima au mwenzako anayekufanyia ubaya, hiyo siyo dhambi yako ya kuungama. Mwambie mtu mzima unayemwamini nje ya kitubio, ili aweze kuchukua hatua.

Utajuaje umeungama vizuri? Siyo kwa machozi wala kwa kujisikia mwepesi. Umeungama vizuri kama hukuficha kitu, ulijuta, na ulitimiza malipizi.

## Hatua ya 10: Siku yenyewe

Kunywa uji asubuhi. Kila mwaka kuna wanaoanguka kwa sababu wamefunga tangu usiku, wakati sharti ni saa moja tu kabla ya Komunyo, na Misa ya askofu ni ndefu.

Kama ni Juni au Julai, Makete na Njombe baridi haina utani. Vaa sweta au fulana nzito ndani ya nguo ya sherehe, usije ukatetemeka mbele ya askofu. Paji la uso liwe wazi: kitambaa cha kichwa kirudishwe nyuma, mafuta mazito na poda viachwe.

Baada ya Injili mtaitwa. Baada ya mahubiri mtarudia ahadi za ubatizo, na hapo majibu ni ya nafsi yako: "namkataa", "nasadiki". Askofu atanyosha mikono juu yenu na kusali. Kisha utakwenda mbele, msimamizi ataweka mkono wa kuume begani mwako, jina lako litatajwa, na askofu atakupaka Krisma kwa alama ya msalaba. Jibu "Amina" isikike. Usijifute kwa kiganja. Kama kuna pamba, wahudumu watakufuta.

## Hatua ya 11: Hakikisha umeandikwa

Hii husahaulika kwa sababu ya pilau. Kipaimara huandikwa katika kitabu cha parokia ulikopokelea, pamoja na jina la mtoaji, wazazi, msimamizi, mahali na tarehe. Kisha parokia uliyobatizwa hupelekewa taarifa ili iandikwe kando ya ubatizo wako.

Taarifa kati ya parokia mbili zilizo mbali huweza kuchelewa au isifike. Kwa hiyo wiki inayofuata mwone katibu wa parokia, uhakikishe majina yako yameandikwa sawasawa, na unakili tarehe na namba kwenye kadi yako ya ubatizo au kwenye cheti utakachopewa. Likizo ya kwanza, ipeleke kadi parokia ya nyumbani wakaandike kitabuni mwao, ukiwapo.